Mota Ije Mwisho

Mtu akishanunua gari dogo la rimoti, swali lake la kwanza huwa ni moja: nitalifanyaje likimbie zaidi? Haulizi kwa nini linateleza kwenye vigae, kwa nini linapinduka kila kona, wala kwa nini ukiliachia usukani linavutia upande mmoja. Anataka kasi. Basi hutafuta mota kubwa au betri ya volti nyingi, akafungua bodi, akalehemu nyaya mbili, na jioni ileile gari likaenda kama mshale kwa sekunde tatu, kisha ukuta. Wazee waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni hawakuyajua magari haya, lakini wangeyaona wasingeshangaa. Makala hii ni ya wale wanaotaka kulibadilisha gari la namna hiyo, au kuunda la kwao kuanzia chesisi, na hoja yake ni fupi: kazi ianzie pale tairi linapogusa ardhi, ipande kupitia ekseli, gia, uzito na usukani, na mota iwe ya mwisho kuguswa. Jambo hili halitegemei ladha ya mtu. Linapimika kwa ubao na rula.

Chukua ubao wa urefu wa mita moja, uutandike kitu kilekile ambacho gari litakimbilia juu yake, kipande cha zulia au cha kapeti la plastiki. Yabane magurudumu kwa selotepu yasizunguke, liweke gari juu ya ubao likiangalia chini, kisha inua ncha moja polepole mpaka gari lianze kuserereka. Gari lenye matairi magumu linaweza kuachia ncha ikiwa sentimita 42 tu kutoka sakafuni, yaani mwinuko wa nyuzi 25. Livishe matairi ya mpira laini, na huenda ling'ang'anie mpaka sentimita 64, nyuzi 40. Namba hizo mbili zina maana nzito kuliko zinavyoonekana. Ya kwanza inasema tairi linaweza kushika ardhi kwa nguvu isiyozidi asilimia 47 ya uzito wa gari. Ya pili inasema asilimia 84. Mota yoyote, ya bei yoyote, haiwezi kulisukuma gari kwa nguvu kubwa kuliko ile ambayo tairi limekubali. Ikizidisha, tairi linazunguka bure na gari linabaki linapiga kelele mahali pamoja. Na kama magurudumu yanayosukuma ni mawili ya nyuma tu, kiwango hicho hushuka zaidi, kwa sababu sehemu ya uzito imekalia magurudumu ya mbele yasiyosukuma chochote.

Hesabu inayofuata ni ya fizikia ya sekondari, na ndiyo inayonifanya niwe mkaidi katika jambo hili. Chukua kona ambayo nusu kipenyo chake ni nusu mita, kona ya kawaida ya sebuleni kati ya kochi na meza. Gari lenye mshiko wa 0.47 likizidi kilomita 5.5 kwa saa hapo litaachia njia. Lenye mshiko wa 0.84 litaipita kwa kilomita 7.3. Mota haimo kabisa katika hesabu hiyo, wala betri. Sasa tazama kusimama. Kutoka kilomita 30 kwa saa, gari la matairi magumu linahitaji mita 7.5 ili litulie, tena tukikadiria kwamba magurudumu yote manne yanasaidia kufunga. La matairi laini linahitaji mita 4.2. Kabla ya hapo, robo sekunde ambayo kidole chako hutumia kuamua imeshakula mita mbili. Ni sebule ngapi zenye mita tisa na nusu zilizonyooka? Ndiyo maana gari la kasi kubwa ndani ya nyumba huishi kwa kugonga, na mwenye nalo huishi kwa kununua ekseli.

Wapo watakaosema kwamba kasi ndiyo raha yenyewe, na kwamba mshauri anayeanza na matairi ni kama shangazi anayekukaribisha harusini kwa kukuhimiza unawe mikono. Siwalaumu. Gari la skeli ya 1:28 lenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 24, mota ikizunguka mara 20,000 kwa dakika na gia za moja kwa nne, hufika karibu kilomita 22 na nusu kwa saa. Zidisha kwa 28, unapata gari la ukubwa wa kweli linalopita zaidi ya kilomita 630 kwa saa. Macho huona hivyo, na raha huja. Lakini raha hiyo hudumu kadiri gari linavyodumu njiani, na waundaji wa magari haya walilijua jambo hilo zamani. Mwaka 1984 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa magari mawili ya 1:10 yaliyochangia sehemu kubwa ya umbo na vipuri: Grasshopper, lenye mota ndogo ya 380, na Hornet, lenye mota ya 540. Wahandisi walipoongeza mota hawakuishia hapo. Nyuma waliweka shokapu za mafuta badala ya springi tupu. Hata kwa msaada huo, Hornet lilijulikana kwa kurukaruka kitako kila linapokanyagwa mafuta. Lile dogo la mota ya 380 lilirudishwa sokoni mwaka 2005 likiwa bado na mota yake ya 380, na wanaoanza wanaendelea kulipenda.

Tuanze basi na tairi, na tukae hapo kidogo, kwa sababu hakuna sehemu inayolipa zaidi kwa gharama ndogo. Matairi mengi hutoka kiwandani yakiwa na utando wa mafuta yaliyotumika kuyatoa kwenye kalibu. Yaoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, yasugue kidogo kwa msasa laini, kisha rudi kwenye ubao. Unaweza kuongeza nyuzi kadhaa bila kutoa hata senti. Kama tairi ni plastiki tupu, kata pete kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli iliyo nyembamba kidogo kuliko rimu, ivute juu ya gurudumu, na uibane kwa tone moja la supaglu kila robo ya mzunguko. Tyubu ikiwa imevutika sawasawa gurudumu halitayumba. Ikiwa imepinda, utaliona gari likitetemeka kama lori lenye rimu iliyopigwa. Watoto wa huku kwetu wanaounda magari ya waya na makopo wamekata matairi kwenye soli za ndala kwa vizazi kadhaa, na wasidharauliwe: magari ya mashindano ya 1:12 yanayokimbizwa ukumbini hutumia matairi ya sponji mpaka leo. Sponji ya ndala ni ngumu kuliko ile, lakini ukikata duara, ukalifunga kwenye drili na kuligusisha msasa linapozunguka, utapata tairi la mviringo kamili. Ubao utakuambia kama linafaa sakafu yako.

Kwa magari ya kupanda mawe na kupita kwenye kokoto, ulaini wa mpira peke yake hautoshi. Tairi linapaswa kubonyea na kulikumbatia jiwe. Matairi ya aina hii hayajazwi upepo. Ndani yana sponji, na mara nyingi sponji hiyo ni ngumu mno kwa gari jepesi. Itoe, uipunguze kwa mkasi, au uweke sponji laini ya godoro, na utoboe tundu dogo kwenye rimu ili hewa itoke tairi linapobonyea. Wengine hukata kashata za tairi moja baada ya nyingine kwa wembe ili zilizobaki zijikunje vizuri. Anza na tairi moja, ulipime, ndipo uguse mengine, maana wembe haurudishi kilichokatwa.

Kuna kosa moja ambalo hata wenye uzoefu hulifanya: kuweka mpira bora mbele na nyuma kwa mkupuo, au mbele tu, bila kuwaza. Gari linaloshika zaidi mbele kuliko nyuma huzungusha kitako kwenye kona na kutazama lilikotoka. Linaloshika zaidi nyuma husukuma pua nje ya kona, ukikata usukani halisikii. Wapenzi wa Mini-Z, magari ya 1:28 ambayo kampuni ya Kyosho ya Japani iliyaanzisha mwaka 1999, wanalijua hili mno. Wana matairi ya viwango mbalimbali vya ugumu, na mabishano yao makubwa kabla ya mbio huwa ni mpira gani uende mbele na upi uende nyuma. Mashindano yao mengi yana daraja ambalo mota ni ya aina moja kwa wote, na bado mshindi na wa mwisho hupishana mizunguko kadhaa. Tofauti hiyo imetoka wapi, kama si chini ya gari na kwenye kidole cha dereva?

Ukitoka kwenye tairi unafika kwenye ekseli. Inua gari, lisukume gurudumu kwa kidole, uone linazunguka kwa muda gani. Magari ya bei nafuu huzungusha ekseli ndani ya vikombe vya plastiki. Vumbi likiingia, sehemu ya nguvu ya mota inaishia kusaga plastiki. Safisha, weka tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, kwa sababu mafuta mengi hukusanya mchanga na kugeuka msasa. Kama kipenyo cha shimo kinaruhusu, badilisha vikombe hivyo kwa beringi ndogo za gololi. Hapo gari hupata kasi bila mota mpya, na betri hudumu zaidi. Gia nazo zitazamwe. Mota inapofungwa, meno ya pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, yasilalie meno ya gia kubwa kwa kubanana wala yasiache pengo. Njia ya mafundi ni rahisi: weka kipande cha karatasi kati ya gia hizo mbili, zisukume zikutane, kaza skrubu, kisha zungusha gia ili karatasi itoke. Unene wa karatasi ndio nafasi inayotakiwa.

Suala la uzito limezungukwa na imani nyingi zisizo na msingi. Inayosikika zaidi ni kwamba kuongeza uzito kunaongeza mshiko. Rudi kwenye ubao: libebeshe gari vipande vya chuma na ulipime tena, utaona linaserereka karibu kwenye nyuzi zilezile. Tairi linashika zaidi, ni kweli, lakini sasa lina mzigo mkubwa zaidi wa kushikilia, na mambo yanabaki sare. Faida ya uzito iko mahali unapokaa. Ukihamisha betri kutoka juu kwenda chini, au kutoka nyuma kwenda mbele, hujaongeza hata gramu moja na gari limebadilika kabisa. Gari ambalo magurudumu yake yameachana kwa sentimita 10, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 5 juu ya ardhi, litapinduka ubavu likifika nyuzi 45. Shusha kitovu hicho kwa sentimita moja tu, litafika nyuzi 51. Kwa gari la kupanda mawe, hizo nyuzi sita ndizo zinazoamua kama utafika kileleni au utashuka matairi juu.

Ndiyo maana wapanda mawe wa 1:24 na 1:16 hupenda rimu na vipuri vya ekseli vya shaba ya manjano, ile ya bomba na kufuli: uzito unakaa chini kuliko springi, mahali ambapo haulipindui gari. Anayekosa vipuri hivyo aende kwa fundi wa matairi aombe vipande vya kubalansi rimu, vile vyenye gundi mgongoni, ambavyo kwa kawaida ni vya gramu tano na gramu kumi. Vibandike ndani ya rimu za mbele kwanza. Wengi hulenga karibu asilimia 60 ya uzito iwe mbele, na kipimo chake hakina siri: magurudumu ya mbele kwenye mizani ya jikoni, ya nyuma juu ya kitabu chenye kimo sawa na mizani. Kama vipande hivyo ni vya risasi, nawa mikono na uviweke mbali na watoto. Na kwa gari la mbio, sahau habari hii yote. Rimu nzito huchelewa kuanza, huchelewa kusimama, na huvunja gia.

Upo pia ukweli wa maumbile unaofaa kujulikana na anayeunda gari dogo lifanane na la kweli. Gari la kilo 1,500 likipunguzwa mara 24 kwa kila upande, uzito wake hugawanywa kwa 24 mara 24 mara 24, na kubaki kama gramu 108. Mvutano wa dunia haupungui nalo. Kwa hiyo gari dogo likidondoka kutoka kwenye jiwe huonekana likianguka karibu mara tano haraka kuliko kubwa, na hurukaruka kama punje kwenye kikaango. Watengeneza filamu wanaotumia vigari vya namna hii hupiga picha kwa kasi kubwa, kisha huionyesha polepole ili jicho lidanganyike. Wewe huna kamera hiyo. Unachoweza kufanya ni kulainisha springi, kuweka uzito chini, na kuendesha taratibu, na hapo mtazamaji ataanza kuona gari badala ya kichezeo.

Usukani ndio unaotenganisha kichezeo na gari. Vigari vya bei ya chini kabisa vina usukani wa aina tatu tu: kushoto kabisa, kulia kabisa, na katikati, vikisukumwa na kijimota au sumaku. Hakuna ubora wa tairi utakaoliponya hilo, na hapa lazima nikubaliane na pingamizi la wanaosema kwamba vigari vya sokoni haviendelei. Haviendelei vikiwa na ubao wake wa umeme. Lakini ukiutoa, ukaweka risiva, kidhibiti cha mwendo na sevo ndogo ya gramu tisa, chesisi ileile huzaliwa upya. Sevo hupokea mapigo 50 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo, kati ya milisekunde moja na mbili, ndio unaoiambia igeuke kiasi gani. Milisekunde moja na nusu ni katikati. Kidole kikisogea kidogo, gurudumu linasogea kidogo. Kama utatumia fedha za umeme mapema, zitumie hapa, kwenye utii, kabla ya nguvu. Rimoti ya gigahezi 2.4 inayojifunga na risiva yake yenyewe itakuepusha pia na ule ugomvi wa vigari vya megahezi 27, ambapo jirani akibonyeza chake, chako kinageuka. Halafu ondoa mlegeo kwenye mikono ya usukani. Gari ambalo magurudumu yake ya mbele yanacheza milimita mbili bila kuguswa haliwezi kwenda moja kwa moja hata ungelifunga kompyuta.

Bodi nitaizungumzia kwa ufupi, ingawa najua ndiyo inayowavuta wengi. Kampuni ya WPL ya China hutoa D12, ambalo ni Suzuki Carry ya 1:10 inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yaani Kirikuu yetu ya Tanzania, na C24, pikapu ya 1:16 yenye sura ya Hilux inayosukumwa na yote manne. Zote mbili zinamwachia mtu nafasi ya kupaka rangi, kufunga kariea, kuandika maneno nyuma. Wanaounda mabasi na daladala kwa boksi, bati na plastiki wajue tatizo lao: basi la mita 12 kwa skeli ya 1:24 lina urefu wa sentimita 50, kimo karibu 14, na upana 10 tu. Ni mnara unaotembea. Sakafu iwe nene na nzito, kuta ziwe nyepesi, paa liwe jepesi kuliko kuta, na madirisha yakatwe kwenye jalada la faili la plastiki. Kila tabaka la rangi lina gramu zake, na zote zinakaa juu. Bodi za plastiki angavu zinazouzwa tupu hupakwa rangi kwa ndani, ili mikwaruzo iishie kwenye plastiki.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la fedha: kwa nini kuhangaika, wakati vipuri vya alumini vinauzwa, na magari yaliyokamilika yapo? Kuhusu magari yaliyokamilika, sina ubishi. Anayetaka kuendesha tu anunue. Anayetaka kuunda ananunua kitu kingine, nacho ni kujua kwa nini gari linafanya linavyofanya. Kuhusu alumini nina ubishi. Kipuri cha plastiki kikigonga ukuta hupinda na kurudi. Ukikibadilisha kwa chuma, pigo halipotei, linahamia kwenye kipuri kinachofuata, na hicho ndicho utakachonunua mwezi ujao. Weka chuma pale tu ambapo plastiki imeshavunjika mara mbili mahali palepale, na kabla ya hapo jiulize kama tatizo ni plastiki au ni kasi.

Sasa mota. Tuseme tairi linashika, ekseli hazina msuguano, uzito uko chini, usukani unatii, na bado gari linachoka mlimani. Hapo una haki ya kuongeza nguvu, na hata hapo pinioni hutangulia mota. Pinioni ya meno 12 ikiendesha gia ya meno 48, mota huzunguka mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gia. Weka ya meno 14 na utapata kasi zaidi kwa karibu asilimia 17, huku nguvu ya kuvuta ikipungua. Weka ya 10, mambo yanageuka. Kama nafasi ya mota kwenye chesisi imetobolewa kabisa na haisogei, jumla ya meno ya gia mbili haina budi kubaki ileile. Wenye C24 hupenda kutoa mota ya 260 na kuweka ya 370, na kila aliyepita njia hiyo anajua kinachofuata: gia za plastiki za kwenye ekseli huanza kulika meno, na mtu hujikuta akinunua za chuma kwa ajili ya mota ambayo hakuihitaji. Angeanza na pinioni na tairi, huenda mlima ule ungepandika.

Volti ni hatari zaidi kuliko mota, kwa sababu ni rahisi kuziongeza. Kuna seli za lithiamu ziitwazo 14500 ambazo umbo lake ni lilelile la betri ya AA. Zinaingia bila kulazimishwa. Lakini AA ni volti 1.5, na 14500 iliyojaa ni 4.2, hivyo gari la betri nne lililozoea volti 6 linajikuta na 16.8. Mota ikikwama, joto linalozaliwa ndani yake huongezeka kwa mraba wa volti, hapo karibu mara nane. Moshi utatoka ama kwenye mota, ama kwenye ubao wa umeme, ama kwenye seli zenyewe, na huo wa tatu ndio wa kuogopa. Anayehamia lithiamu atumie pakiti na chaja vilivyokusudiwa hivyo. Kila seli isizidi volti 4.2 ikichajiwa, isishuke chini ya 3 ikitumika, na ihifadhiwe karibu na 3.8 ikikaa wiki kadhaa. Ichajiwe juu ya kigae au saruji, mtu akiwepo, kamwe si kitandani usiku. Pakiti iliyovimba haina maisha mengine. Isitobolewe, isichajiwe, itolewe nje ya nyumba.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, endesha mizunguko kumi kwenye njia ileile, pima kwa saa ya simu, na uandike. Ukibadilisha vitatu jioni moja na gari likawa bora, hutajua ni kipi kimekusaidia. Likawa baya, hutajua ni kipi cha kurudisha. Majaribio hayo yaanze na ubao wa mita moja. Kabla hujaagiza mota yoyote, inua ncha ya ubao huo, pima ni sentimita ngapi gari lako linaachia, na uandike namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza.